Maneno ya Sehemu Ijayo

— Ingia chini. Hata ukiniacha leo, kesho nitakuwa hapa hapa na huu mwavuli, mvua inyeshe isinyeshe.

Pini aliganda, kapu la nguo mkononi. Mvua ilikuwa imemvizia akianua nguo nyuma ya nyumba, na mumewe, ambaye siku zote akitoka kazini hupitiliza ndani akavue viatu, alikuwa amesimama kando yake. Mwavuli wote ameuinamishia upande wa mkewe, bega la shati lake mwenyewe linachuruzika maji.

— Umekunywa nini wewe?

Mumewe alitabasamu tu. Siku hizi alikuwa na mtindo wa kumtazama hivyo, macho yakiangukia chini kidogo ya macho yake, kama mtu aliyetaka kumbusu akaghairi. Pini aliona haya kama msichana, akaingia ndani akicheka peke yake.

Raha hiyo haikumaliza hata siku. Jioni alikaa kwenye cherehani, simu ameiegemeza kwenye kopo la vifungo, pini nne kazibana midomoni kama kawaida yake. Kwa hizo pini ndiko jina lilikotoka. Mumewe alimpa tangu walipokuwa wachumba, kwa kuwa ukiingia chumbani kwake hukumkuta hata mara moja bila pini mdomoni, na maneno yake yote yalitokea pembeni mwa meno. Alibonyeza sehemu mpya ya tamthilia yake ya Kikorea, akaanza kupinda pindo la sketi.

Kwenye simu nako mvua ilikuwa inanyesha. Staringi akatokea na mwavuli, akamwinamishia binti, bega lake mwenyewe likilowa.

— Ingia chini, akasema. Hata ukiniacha leo, kesho nitakuwa hapa hapa na huu mwavuli, mvua inyeshe isinyeshe.

Pini zilidondoka zote nne kwenye sketi. Alirudisha nyuma akasikiliza tena, kisha akatazama tarehe. Sehemu hii ilitoka jioni hiyo hiyo, wakati mwavuli ulikuwa umeshakauka kwenye kona ya mlango.

Nywele zikamsimama. Aligeuka kumtazama mumewe kwenye kochi. Fundi, kama wote walivyomwita, alikuwa ameketi wima, mikono magotini, anatazama ukuta ambao haukuwa na kitu.

*

Tamthilia zilimwingia Pini damuni kwa sababu ya kazi. Kushona nyumbani ni upweke, na macho ni ya kitambaa, kwa hiyo alitafuta zile zilizotiwa sauti za Kiswahili, akawa anatazama kwa masikio. Kila kipande kikimkera aligomba na simu kana kwamba waliomo ndani ni wapangaji wake. Mama mkwe wa kwenye tamthilia akimmwagia mtu glasi ya maji usoni, Pini anauliza kwani huko maji hayauzwi. Wapenzi wakikutana kwenye lifti, anasema watu hawa wangejengewa ngazi wasingeoana.

Hii ya sasa ilihusu kijana mrithi wa kiwanda cha viatu na binti daktari wa wanyama. Mrithi alikuwa anapoteza macho polepole, na hakumwambia mtu. Pembeni yuko kijana mwokaji wa mikate, anampenda daktari huyo huyo, na yeye alisema wazi tangu sehemu ya pili. Pini alikuwa upande wa Mwokaji kwa moyo wote. Wifi yake, dada wa Fundi, ambaye ni msusi mwenye saluni yake, alikuwa upande wa Mrithi, na walitumiana jumbe za sauti za kuzozana hadi simu zinaishiwa chaji.

Sehemu ile Mrithi alipojigonga kwenye mlango wa kioo, ikajulikana kwamba macho yanakwenda, Pini alishindwa kuvumilia. Alitoa pini midomoni, akamgeukia mumewe uso kwa uso, akatoa hukumu.

— Mimi ningekuwa yule binti ningeondoka mapema. Nani anataka kumshika mtu mkono maisha yake yote?

Fundi alimtazama, akacheka kidogo, akasema amechoka, akaenda kulala. Pini akarudisha pini zake mdomoni akaendelea na kola. Lilikuwa neno la kwenye tamthilia, likapita.

Sasa, baada ya ule mwavuli, mambo yakaanza kufuatana. Asubuhi moja wakitoka, Fundi alipiga goti barabarani akamfunga mkewe kamba ya kiatu, akasema: — Ukianguka wewe, naumia mimi. Siku zikapita, sehemu mpya ikatoka, na Mrithi akapiga goti kwenye ngazi za hospitali ya wanyama. Kiatu kile kile cha kushoto, maneno yale yale. Pini alizima simu.

Kilichomtisha zaidi ni kwamba maneno yale hayakuwa yakimjibu yeye. Aliuliza, akiwa ameinamia cherehani:

— Gesi imeisha. Ulipita dukani?

— Nikiwa na wewe sihitaji kitu kingine, Fundi akajibu kwa sauti ya upole.

Hilo aliligeuza mzaha, akamsimulia wifi yake wakacheka hadi machozi. La pili hakulisimulia. Alipigiwa simu kuwa shangazi yake aliyemlea amelazwa na hali si nzuri, akaingia chumbani analia, akamwambia mumewe: shangazi amelazwa. Fundi alimshika mabega, uso umejaa furaha.

— Hongera. Mimi nilijua utaweza.

Pini alijitoa mikononi mwake. Aliyatazama yale macho aliyoyazoea akaona kama mtu amekaa nyuma yake, mtu asiyemjua, anayesoma mahali. Maneno mazuri kabisa, lakini yalikuwa ya mazungumzo mengine na mwanamke mwingine. Alikaa kitandani anamwogopa mume wake wa ndoa, na aibu ya kumwogopa ikamzidi hata woga wenyewe.

Halafu ikaja mikono. Fundi alifanya kazi zamu ya alfajiri kwenye kiwanda cha mablanketi, yeye ndiye aliyekuwa akitengeneza mitambo ya kufumia ikiharibika, na akirudi alilala kidogo mchana. Pini alikuwa anapita na nguo za kupiga pasi akaona mikono ya mumewe imeinuka juu ya shuka. Macho kafumba, anapumua kama mtu aliyelala fofofo. Mkono wa kulia ukajikunja ngumi, ukafunguka ghafla vidole vimetawanyika, ukatulia hewani. Ulikuwa kama unangoja kitu. Kisha tena ngumi, tena vidole, tena kungoja.

Alimwita. Hakuamka, na mikono haikuacha. Tangu siku hiyo kila mchana akapita mlangoni kuchungulia, na kila mchana akaikuta ile mikono inangoja.

*

— Kaka yako ameingiwa na kitu, Pini alimwambia wifi yake kwenye simu.

— Kaka yangu hata akiingiwa, hicho kitu kitakimbia kwa kukosa mtu wa kuongea naye. Kafanya nini tena?

Pini akamweleza yote: mwavuli, kiatu, na maneno yanayokuja kabla ya sehemu zenyewe. Alitegemea wifi naye aingiwe na baridi. Upande wa pili kikasikika kicheko cha puani.

— Wifi, mbona hilo halina uchawi. Hizo unazotazama za sauti zinachelewa wiki nzima. Zenye maandishi chini zinatangulia. Mimi sizitaki tu, nani ana muda wa kusoma mapenzi? Kaka anatazama za maandishi.

— Kaka yako? Huyo anayesinzia kwenye taarifa ya habari?

— Ndiyo hapo sasa. Wifi yake aliacha kucheka. Mimi huyu mtu nimezaliwa naye, wifi. Alikutongoza kwa kukutengenezea cherehani miezi mizima, hakusema hata neno. Leo anatazama mapenzi kwa siri, anakariri. Anakariri ili amwambie nani? Wewe anakufanyia majaribio tu.

Lile jibu lilimtoa Pini kwenye mzimu likamtupa kwenye wivu, na hakujua kipi afadhali. Akaanza kukusanya. Fundi hapokei simu tena. Ukimpigia anakata, anatuma meseji: *Niko kwenye kelele, andika.* Hata siku za mapumziko yuko kwenye kelele. Hasemi tena apunguze sauti ya tamthilia. Akiitwa kutoka chumba cha pili anajifanya hamnazo.

Alhamisi alirudi mapema kutoka kupeleka gauni kwa mteja, mlango wa nyuma ulikuwa wazi, akasikia sauti ya mumewe kwenye chumba cha kushonea. Alivua viatu akanyata.

Fundi alikuwa amesimama mbele ya ile sanamu ya kupimia nguo, isiyo na kichwa wala mikono, imevalishwa gauni la mteja lenye pini kiunoni. Mkono mmoja ameuweka kwenye bega la gauni. Mkono wa pili amejishika koo, vidole vimezama kwenye nyama ya shingo kama mtu anayejikaba.

— Bado tuna siku nyingi, alikuwa anaiambia sanamu. Akasita, akasogeza vidole kooni. Bado tuna siku nyingi.

Mara ya kwanza alinong'ona. Mara ya pili alipaza sauti hadi kioo cha dirisha kikavuma. Mara ya tatu ikatoka sawasawa, ya upole, sauti ya mume anayempenda mkewe. Pini alirudi kinyumenyume hadi uani, viatu mkononi, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hakulia. Alikuwa anasikia meno yake yanagongana.

Alipoingia tena, kwa mlango wa mbele safari hii, Fundi alikuwa ameketi dirishani amempa mgongo, anamenya chungwa. Pini akasimama nyuma yake.

— Nataka kuondoka, akasema.

Kisu kiliendelea kuzunguka. Ganda lilishuka jembamba, refu, bila kukatika.

— Nakwenda kwa dada yako, halafu sijui. Umesikia? Siwezi kulala na mtu nisiyemjua.

Fundi hakugeuza hata shingo. Ganda likaanguka sakafuni. Hapo ndipo kivuli cha Pini kilipomgusa mkono, naye akageuka, uso ukamchangamka, akamnyooshea kipande cha chungwa.

— Kula, akasema. Bado tuna siku nyingi.

Pini aliingia chumbani akatoa begi juu ya kabati. Alipanga nguo mlango ukiwa wazi, makusudi, ili amwone. Fundi alikuja akasimama kizingitini. Alitazama begi, akatazama nguo, akaitazama midomo ya mkewe iliyokuwa imefungwa kabisa. Kitu kilipita usoni mwake, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi Pini akamwona mumewe mwenyewe, mzima mzima, amechoka. Alidhani atasema neno. Aliinamisha kichwa kama mtu aliyepewa taarifa aliyoitegemea, akaondoka mlangoni.

*

Asubuhi alikuwa saluni kwa wifi yake, begi miguuni. Wifi alikuwa anamsuka mteja mmoja aliyekwisha nusu ya kichwa. Simu ikatetema.

*Usinitafute. Nimechoka kuwa mtu wa kusubiriwa. Yupo anayekufaa kuliko mimi, nenda kwake na usigeuke nyuma.*

Pini alisoma mara mbili. Alikuwa ameondoka yeye, na bado iliuma kama ameachwa yeye. Alimpa wifi simu. Wifi alifuta mikono kwenye aproni, akasoma, uso ukambadilika.

— Hii meseji ninayo.

— Unayo vipi?

— Juzi baada ya maneno yako nikaanza kutazama za maandishi, nijue kaka anafika wapi. Akatoa simu yake, akatafuta, akaigandisha picha. Soma hapo chini.

Ilikuwa neno kwa neno. Mrithi ameketi kwenye ukingo wa kitanda, koti kavaa, begi mkononi, anatuma ujumbe kwa simu aliyoiweka karibu kabisa na jicho.

— Halafu? Pini akauliza.

— Halafu anapanda basi. Inakatikia hapo. Sehemu ya mwisho haijatoka.

Mteja aliyekuwa anasukwa alikuwa amenyamaza muda wote. Sasa akasema, bila kugeuza kichwa:

— Staringi akituma meseji kama hiyo, ujue anaumwa. Zote ziko hivyo. Anataka umchukie ili aende kuteseka peke yake. Mimi huwa nazima, hasira zinanipanda.

Hakuna aliyecheka. Pini aliitazama ile picha iliyoganda, jicho la Mrithi na simu karibu yake, na mambo yakaanza kumrudia moja moja. Simu zinazokatwa. Ujumbe wa andika. Machozi ya shangazi, na yule binti wa tamthilia aliyelia kwa furaha alipofaulu mtihani, akaambiwa hongera. Vidole kooni. Ganda la chungwa lililoshuka bila kukatika.

— Wifi, akasema taratibu. Mrithi haoni. Kaka yako je?

— Kaka yangu anaona hadi sisimizi.

— Lini mara ya mwisho aliongea na wewe kwenye simu?

Wifi alivuta kiti akakaa.

Pini alipiga. Simu iliita mpaka ikakatika. Alipiga tena njiani, akijua kabisa hakuna anayesikia, akapiga tena na tena, kwa sababu mikono haikuwa na kazi nyingine.

*

Mlinzi wa kiwanda alimjua, akampitisha. Pini hakuwahi kufika ndani zaidi ya ofisi. Mlango wa chuma ulipofunguliwa kelele zilimpiga kifuani kabla ya masikioni. Alisimama nyuma ya dirisha kubwa la kioo linalotazama jumba la mitambo.

Watu walikuwa wanaongea humo ndani bila sauti. Midomo ilipanuka na kujikunja polepole, mikubwa kupita kiasi, na mikono iliruka hewani kutoka mtambo hadi mtambo. Mwanamke mmoja alicheka kwa kitu alichoambiwa na mtu aliye upande wa pili wa jumba, umbali ambao hata tarumbeta isingefika. Ilikuwa kama tamthilia iliyozimwa sauti. Kisha mfumaji mmoja karibu na kioo akainua mkono. Ngumi. Vidole vikafunguka ghafla, vimetawanyika, vikangoja hewani.

Pini alisogea hadi pua ikagusa kioo.

Mama mmoja mnene, msimamizi wa zamu, alikuwa ametoka kunywa maji. Alimwona, akaja akamsogelea uso kabisa, akapaza sauti kama anaita mtu ng'ambo ya mto.

— Wewe si mke wa Fundi?

— Ule mkono, Pini akasema. Unamaanisha nini?

Yule mama alimtazama midomo. Macho yake yalikuwa pale pale yanapokaa macho ya Fundi siku hizi, chini kidogo.

— Uzi umekatika. Unamwita fundi. Yeye akikuona anakujibu hivi. Akashusha kiganja taratibu mara mbili, kama anatuliza mtoto, kisha akajigusa kifua. Kaa hapo hapo, nakuja. Sisi wote huku masikio yanakwenda, mwanangu. Ya mumeo yalikimbia. Tangu mvua za kwanza hasikii kitu. Si alisema amekwambia?

Pini alitikisa kichwa. Yule mama akapunguza sauti, au alidhani ameipunguza.

— Leo kaja na begi. Kaaga watu. Nimemuuliza anakwenda wapi, anasema bado hajaona mwisho wake.

Fundi alikuwa mwisho wa jumba, ameinamia mtambo uliosimama. Begi lilikuwa karibu na mlango wa nyuma. Pini aligonga kioo kwa kiganja, akagonga kwa ngumi, akamwita kwa jina lake ambalo hakulitumia tangu harusi. Hakuna kichwa hata kimoja kilichogeuka. Alielewa wakati ule jinsi mumewe alivyoishi nyumbani kwao mwenyewe, anatazama watu nyuma ya kioo wanafungua midomo.

Fundi akajinyoosha, akajifuta mikono, akachukua begi. Alipogeuka kuaga jumba kwa macho, akamwona.

Hakusogea. Uso wake ulikuwa mgumu, ule aliojifunza kwa Mrithi.

Pini aliinua mkono wa kulia. Akakunja ngumi, akaifungua ghafla vidole vikatawanyika, akauacha hewani ungoje.

Mikono ya Fundi ilijibu kabla yeye hajaamua. Begi lilianguka, kiganja kikashuka mara mbili, kikagusa kifua. Kaa hapo hapo, nakuja. Alikiona alichokifanya, akakitazama kiganja chake kama kimemsaliti, na machozi yakamtoka mbele ya jumba zima.

*

Walikaa kwenye benchi nyuma ya bohari, kando ya marobota ya sufi, ambako kelele zilikuwa mtetemo tu wa ardhi. Pini aligeuza magoti ili wakabiliane. Alizungumza polepole.

— Kwa nini hukuniambia?

Fundi alijishika koo kwanza.

— Nashika ili nijue kama napiga kelele, akaeleza. Kisha akasema: Nilitaka kukwambia. Nilikuwa nimepanga jioni ile ile, Mrithi alipojigonga kwenye kioo. Nikakusubiri umalize.

Pini alijua kinachokuja. Mwili ulijua kabla ya akili.

— Siku zote unaongea na pini mdomoni, sikupati hata neno. Siku ile ulizitoa. Ukanigeukia kabisa. Ni sentensi pekee niliyoisoma yote midomoni mwako kwa muda mrefu. Nani anataka kumshika mtu mkono maisha yake yote.

— Nilikuwa naongea na simu.

— Mimi nilikuwa nimekaa kati yenu.

Pini alilia waziwazi, kamasi na yote. Fundi alieleza mengine akitazama sufi. Aliona mkewe anapenda maneno ya wale watu, naye yanaandikwa chini, anayasoma bila msaada wa mtu. Akadhani akiyakariri ya kutosha ataweza kumjibu mkewe kila kitu na hakuna atakayejua. Alitazama uso, akakisia ni kipande gani, akatoa jibu lake. Kuna siku lilikaa vizuri kabisa. Kuna siku aliona kwa macho yake amekosea, ila hakujua alichokosea.

— Siku uliyolia, akauliza. Ilikuwa nini?

— Shangazi alilazwa.

Fundi alifumba macho. Midomo yake ilirudia hongera, bila sauti.

— Na leo ulikuwa unakwenda wapi? Pini akauliza alipomwona amefumbua.

— Sijui. Sehemu ya mwisho haijatoka.

Aliisema bila mzaha hata kidogo, na Pini akahisi ile baridi ya mwavuli ikimpanda tena mgongoni. Mtu huyu mzima, fundi wa mitambo, alikuwa tayari kupanda basi na kwenda mahali ambapo mtunzi wa mbali hajaamua. Alimshika uso kwa mikono miwili.

— Nisome vizuri, akasema. Kuhusu yule binti nilisema upuuzi. Mimi siondoki mapema. Siondoki hata nikichelewa. Mkono wako nitaushika, na ukinichosha nitakwambia nimechoka, kisha nitaushika tena. Hiyo haimo kwenye tamthilia yoyote, usitafute jibu lake huko. Nijibu wewe.

Fundi alionekana anapekua, anatupa, anapekua tena. Mwishowe akasema, kwa sauti kubwa mno iliyofanya njiwa waruke juu ya bohari:

— Gesi imeisha?

Pini alicheka huku analia.

— Iliisha zamani. Nilikuuliza, ukasema ukiwa na mimi huhitaji kitu.

*

Sehemu ya mwisho waliitazama watatu, yenye maandishi, sauti imezimwa. Wifi alisoma huku akilalamika kwamba wanaoandika wanakimbiza maneno. Alishamaliza kumgombeza kaka yake kwa karatasi mbili alizoziandika mbele na nyuma. Mrithi alishuka kwenye basi kituo cha pili tu, akarudi kwa miguu akipapasa kuta. Pini alitaka kusema Mwokaji alistahili zaidi. Alizitoa pini mdomoni, akazichomeka kwenye kimto kilichokaa sasa kando ya cherehani, akamgusa mumewe bega ageuke, ndipo akasema.

Fundi alihamishiwa bohari, mbali na mitambo. Alianza kwenda kwa daktari wa masikio, ambaye hakuahidi mengi. Nyumbani kulikuwa na ugomvi pia, wa kweli, wa maneno yao wenyewe, mmoja anatafuta maneno na mwingine anatafuta midomo.

Jambo moja tu halikuisha. Mchana mmoja Pini alipita mlangoni na nguo za kupiga pasi, akaona mkono wa mumewe umeinuka juu ya shuka. Usingizini kabisa. Ngumi, vidole vikatawanyika, vikangoja hewani. Mitambo alikwisha kuiacha, na yeye ndiye aliyekuwa akiitwa siku zote, hakuwa mwitaji. Pini hakujua huko aliko ni uzi gani uliomkatikia, wala tangu lini alikuwa anaita.

Aliweka nguo chini. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaweka kiganja chake juu ya ule mkono, akaushusha taratibu mara mbili, kisha akauleta kifuani kwake.

Mkono ukakaa hapo kidogo, kama unasikiliza, kisha ukatulia.